Uliza Ujibiwe: Kisiwa cha volkano na viza ya dalali

SWALI: Shikamoo dada. Mi na mume wangu tuko Chumbageni hapa Tanga, tumebana hela muda mrefu tunataka mwakani twende visiwa vya Canary vile vya Hispania, wiki moja tu. Yeye anataka Tenerife, mi nimeona picha za Lanzarote nimekufa nimeoza. Mama mkwe anasema tunaenda kufia kwenye volkano. Halafu kuna kaka mmoja anataka tumpe laki nane na pasipoti zetu atutolee viza ya uhakika bila sisi kufika popote. Na chakula je, sisi Waislamu tutakula nini? Nijibu dada maana ndani hapakaliki.

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Naanza na huyo kaka kwanza, pasipoti msimpe na laki nane msimpe. Viza ya Schengen, yaani ile moja ya kuingilia nchi nyingi za Ulaya na Hispania ikiwemo, hauziwi na mtu, anayeamua ni ubalozi, na kama hujawahi kuomba lazima uende mwenyewe ukachukuliwe alama za vidole sasa yeye atakupelekea vidole vyako vipi? Ada yenyewe ni yuro 90 kwa mtu mzima na ukinyimwa hairudi. Ubalozi wa Hispania upo Dar, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na mwisho siku 15 kabla, ila we usisubiri huko mwisho maana jibu likichelewa linaweza kufika siku 45. Andaeni bima ya safari yenye fidia isiyopungua yuro 30,000, stetimenti za benki, barua ya kazini au karatasi za biashara, na sehemu mtakayolala. Tiketi wekeni buking tu, msilipe kabla viza haijatoka, hapa ndo watu wanalia.

Haya mama mkwe. Mwambie Lanzarote mara ya mwisho kulipuka ni 1824. Ule mkubwa ulianza 1730 ukaenda mpaka 1736, miaka sita moto unatoka tu, vijiji na mashamba vikafukiwa, na ndo hiyo nchi nyeusi uliyoiona kwenye picha. Uliotangazwa sana juzijuzi, wa Septemba mpaka Desemba 2021, ulikuwa La Palma, kisiwa kingine kabisa, na watu maelfu walihamishwa. Wataalamu wanaipima hiyo milima muda wote kwaiyo mama atulie.

Kuhusu mnachogombania mi niko upande wako, shemeji anisamehe. Tenerife ina mlima Teide, mita 3,715, mrefu kuliko yote Hispania, lakini mtu aliyezaliwa nchi yenye Kilimanjaro atashtuka nini? Na kufika kileleni penyewe unahitaji kibali ambacho kinaisha mapema mno. Lanzarote ni ndogo, kama nusu ya Unguja hivi, wiki moja unaimaliza bila kukimbizana. Nendeni Timanfaya, hifadhi yao ya volkano, kule mhudumu anatupa majani makavu kwenye shimo yanawaka yenyewe, anamwaga maji kwenye bomba mvuke unaruka juu kwa kishindo, na kuna mgahawa wanachoma nyama kwa joto linalotoka ardhini. Ngamia wa kupanda pia wapo. Halafu pango la Cueva de los Verdes, msiseme ah sisi tuna mapango ya Amboni, Amboni ni mawe ya chokaa yaliyoliwa na maji, hili la kwao lilikuwa mto wa lava, juu ukaganda ndani ukaendelea kutiririka mpaka ukaisha ikabaki njia tupu, na zamani wenyeji walikuwa wanajificha humo maharamia wakija kukamata watu wa kuuza. Jirani yake kuna Jameos del Agua, pango lenye ziwa na kaa weupe wadogo vipofu, msanii wao César Manrique ndo alilitengeneza liwe la kutembelewa na mi ningelipa hata mara mbili.

La Geria ni mashamba ya zabibu za mvinyo, msinywe ila piteni muone. Kila mzabibu umechimbiwa shimo lake kwenye majivu ya volkano na kuzungushiwa ukuta wa mawe nusu duara kuukinga na upepo, mvua hakuna ya maana, majivu yanashika umande wa usiku na mmea unaishi.

Chakula samaki wamejaa, na viazi vidogo wanachemsha na maganda kwa chumvi nyingi wanakula na sosi ya mojo, mtu wa Tanga hatoshindwa hapo. Shida ni supu na mchuzi wa maharage, mara nyingi kuna kipande cha nguruwe ndani, semeni "sin cerdo", yaani bila nguruwe, kabla hamjaagiza.

Desemba na Julai mpaka Agosti Wazungu wanajaa na bei zinapanda, mi ningeenda Mei au Oktoba. Bebeni sweta kwa ajili ya upepo, na maji ya bahari yao ni baridi, msitegemee kama ya ufukwe wa Raskazone hapo Tanga.

SWALI: Dada, niko Bagamoyo, nami naenda hukohuko Lanzarote. Naweza kuendesha gari na leseni yangu ya Bongo?

JIBU: Pata na leseni ya kimataifa kabla hujaondoka, ubebe zote mbili. Kule wanaendesha upande wa kulia wa barabara, siku ya kwanza nenda polepole hasa kwenye raundabauti maana ziko nyingi. Timanfaya gari lako unaliacha maegesho, kule kwenye lava unazungushwa na basi na nauli imo kwenye kiingilio. Na magari mengi ya kukodi ni ya gia, ukitaka otomatiki sema mapema.