Abaki Dodoma, na nyimbo ziwe mali yake

Swali lenu la wiki hii linahusu kazi yangu ya kila siku: kijana anayetunga nyimbo za kuchekesha na kuzirusha mtandaoni, asiye na lebo wala meneja, abaki Dodoma au ahamie Dar es Salaam kutafuta maisha? Mimi ni prodyuza. Nina studio ndogo Nkuhungu, chumba kimoja chenye godoro ukutani la kuzuia mwangwi, na wateja wangu wengi ni vijana wa aina hiyo. Jibu langu ni abaki. Hela ya kumlisha ipo hapa, na vichekesho vyake vinaeleweka zaidi hapa. Ila kuna sharti, nitalieleza mbele.

Nianze na hela, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Kijana akiona klipu yake imesambaa, anadhani YouTube itamlipia kodi ya chumba. Masharti ya kupata mgawo wa matangazo ya video za kawaida yako wazi: wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Sasa piga hesabu. Wimbo wa kuchekesha huwa mfupi; ukizidi dakika tatu watu wanachoka. Tuseme una dakika mbili. Saa 4,000 ni dakika 240,000, kwa hiyo unatakiwa utazamwe mara 120,000 mwanzo hadi mwisho, na hapo umepata ruhusa tu ya kuanza kulipwa. Fedha yenyewe haitumwi mpaka ifikie dola 100. Nawafahamu wasanii ambao sura zao zinajulikana mpaka Singida na Kondoa, na bado wanakopa bando.

Wanaoishi kwa kazi hii wanalipwa na watu wanaowafahamu. Dodoma imejaa watumishi tangu serikali ihamie, na kila mwisho wa wiki kumbi zina sendofu, kichen pati, kipaimara au mahafali. Kamati ya harusi inataka mtu atakayewatungia wimbo wenye jina la bibi harusi ndani yake, shemeji bahili, na mjomba aliyechelewa na mbuzi wake. Hiyo ni kazi ya mtunzi wa vichekesho hasa, na hailingani na kazi ya MC. MC anaongoza shughuli. Huyu anawaachia wimbo ambao familia itaucheza kwenye simu miaka yote. Kuna na wafanyabiashara wanaotaka nyimbo za matangazo: muuza mabati, mwenye saluni, mwenye shamba la zabibu anayeuza mvinyo wake mwenyewe. Kwa mtunzi, klipu za mtandaoni ni kama bango la dukani. Zinamleta mteja mlangoni, na biashara inafanyika ndani.

Nitoe mfano ninaoujua kwa undani. Nilimrekodi binti mmoja aliyetunga wimbo wa wapangaji wanaochangia mita moja ya LUKU, ule umeme wa kulipia kabla. Biti tuliifanya ya taratibu, na gita la kulialia kama la wimbo wa mapenzi. Ubeti wa kwanza anaimba kwa uchungu kwamba mwanga wake umeondoka, ameachwa gizani, hajui alikosea wapi. Unamhurumia kabisa. Halafu unakuja mstari wa tatu: "Nilichanga elfu tano, hiyo pasi ni ya nani?" Shida yetu ilikuwa mstari huo. Kila akiukaribia anatabasamu, na tabasamu linasikika kwenye maiki: vokali inalegea, na msikilizaji anajua kuwa utani unakuja kabla haujafika. Nikamzimia taa, nikamwambia amfikirie mpangaji mwenzake aliyemuudhi kweli. Akaimba kwa hasira iliyonyooka, na hiyo ndiyo tuliyoiacha kwenye masta, yaani rekodi ya mwisho. Ulipotoka, watu hawakuandika kwamba wimbo ni mzuri. Waliandika visa vya nyumba zao: friji la fulani, hita ya fulani. Baadaye muuza taa za sola wa pale Majengo akamtafuta amtungie tangazo. Watu waliojikuta ndani ya wimbo ndio waliomletea kazi.

Sasa kuhusu kuhamia Dar. Najua hoja ya wazee: ukitaka kujulikana, lazima uende pwani. Kwa zamani zao ilikuwa kweli. Hayati Hukwe Zawose, fahari ya Ugogo huku kwetu, aliyelifikisha zeze la nyuzi na ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kwenye majukwaa ya Ulaya, aliondoka nyumbani akiwa kijana, na maisha yake ya kisanii aliyafanyia Dar es Salaam na Bagamoyo mpaka alipofariki 2003. Asingeweza kufanya vinginevyo. Redio ilikuwa Dar, kikundi cha taifa kilikuwa Dar, na Chuo cha Sanaa kilikuwa Bagamoyo. Leo wimbo unapanda mtandaoni kutoka Nkuhungu kwa muda uleule unaopanda kutoka Sinza. Na onyesho likipatikana Dar, tangu 2024 kuna treni ya SGR, unakwenda na kurudi bila kuhama.

Ila sababu kubwa kwangu ni ya kisanaa, na hapa naomba nivumiliwe. Kijana wa huku akifika Dar na lafudhi yake, anapewa nafasi moja tu: Mgogo ombaomba. Anavalishwa mgolole, anapewa bakuli, anaambiwa achekeshe. Sisi tumekulia kwenye utani, tunajua kutaniwa. Mtani anaingia msibani, anadai pesa ya kiti, anamuiga marehemu alivyokuwa akitembea, na wafiwa wanacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Lakini utani una pande mbili, ukinipiga nami nakupiga. Kichekesho cha bakuli kina upande mmoja. Nimeona watu wenye kipaji wakirudi huku baada ya kuchakazwa na uhusika huo, na hawana tena wimbo wao hata mmoja. Wakibaki, wanatunga kuhusu mwenye nyumba wa Chang'ombe, kuhusu vumbi la Septemba, kuhusu mgeni wa Bunge anayeuliza bei ya zabibu kwa Kiingereza. Na midundo ipo. Kina mama wa Chamwino wanaopiga muheme, ngoma imebanwa magotini, wana kasi ambayo ukiiweka chini ya maneno ya kuchekesha mtu hawezi kukaa. Nawashangaa prodyuza wenzangu wanaokimbilia biti za kupakua.

Hata huko nje, waliofanikiwa kwa njia hii walianza na watu wachache. Bo Burnham wa Marekani alianza 2006 akiwa mwanafunzi wa sekondari, akijirekodi chumbani nyimbo za vichekesho ili kaka yake aliyekuwa chuoni azione. Jonathan Coulton alikuwa mwandishi wa programu za kompyuta huko New York. 2005 akaacha kazi, akajiwekea sharti la kutoa wimbo kila wiki kwa mwaka mzima. Aliimba kuhusu watu wa ofisini na mazombi wanaoongea kama watu wa ofisini. Aliruhusu nyimbo zisambazwe bure mradi atajwe na zisifanyiwe biashara, na waliozipenda wakamnunulia. Wengi wao walikuwa watu wa kompyuta kama yeye. 2007 wimbo wake ukawekwa mwishoni mwa mchezo wa kompyuta wa Portal, na lebo hakuwa nayo.

Coulton ananileta kwenye sharti langu: nyimbo ziwe mali ya kijana mwenyewe. Januari 2013 tamthilia ya Glee ilirusha wimbo wa zamani wa rapu kwa melodi na mpangilio ambao yeye ndiye aliyeutengeneza miaka ya nyuma, bila kumtaja. Maneno yalikuwa ya mtu mwingine, kwa hiyo hakuwa na nguvu ya kutosha. Hakwenda mahakamani, aliutoa wimbo wake upya, wasikilizaji wakaununua, na mapato akayatoa kwa hisani. Vijana wetu wengi wako kwenye hatari hiyohiyo bila kujua. Wanachukua bongofleva inayotamba, wanabadili maneno, watu wanacheka, klipu inasambaa. Mfumo wa YouTube ukiitambua melodi, mwenye wimbo anaweza kuchukua mapato yote au kuifunga video. Tunga melodi yako, hata iwe nyepesi kama ya kubembelezea mtoto.

Melodi ikiwa yako, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inakulinda tangu unapoitunga. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kunakupa ushahidi siku ya ugomvi. Kuhusu biti, mkubaliane na prodyuza kwa maandishi kabla ya kuingiza vokali: umeinunua moja kwa moja, au mnagawana, na kwa asilimia ngapi. Mimi nina fomu ya ukurasa mmoja, tunasaini wote wawili, na kila mmoja anabaki na nakala. Na chaneli ifunguliwe kwa barua pepe yako na namba yako ya simu. Kuna msanii wangu ambaye chaneli yake ilifunguliwa kwa barua pepe ya mtu aliyejiita meneja. Walipokosana, nyimbo zote za miaka mitatu zilibaki kwa yule mtu, na wafuatiliaji wote. Mwenye kuzitunga alilazimika kuanza kutoka sifuri, na klipu zake za zamani bado zinapata watazamaji kila siku kwa faida ya mwingine. Inaniuma kila nikizikuta.

Jambo la mwisho, kwa yule kijana aliyewaandikia. Kamati ikikupigia simu, usitaje bei hapohapo. Uliza wageni ni wangapi, wimbo utakuwa na majina mangapi, na wanataka rekodi au kuimba ukumbini tu, maana hizo ni kazi mbili. Chukua nusu kwanza, kwa lipa namba yenye jina lako, na nusu iliyobaki kabla hujashika maiki. Baada ya keki kukatwa, mweka hazina hapatikani.