Toyota GR86: ulinunue gari hili sasa au usubiri maboresho?

Ndugu, nunua sasa. Mabadiliko makubwa uliyokuwa unayasubiri yalishafika na injini ya lita 2.4. Ile ya zamani ya lita 2.0 ilitoa torki (nguvu ya kuvuta) ya Nm 205 tu, tena kwenye mizunguko ya juu kabisa, na mizunguko ya katikati ililegea vibaya. Hii inatoa Nm 250 kwenye mizunguko 3,700 kwa dakika, ndiyo maana kuovateki nayo hakukutesi. Maboresho ya baadaye aghalabu hugusa shokamzoba, breki na programu. Tazama pacha wake, Subaru BRZ tS ya 2024: shokamzoba za Hitachi na breki za Brembo, injini ileile. Vitu hivyo utavifunga mwenyewe baadaye.

Hangaikia zaidi oili. Silikoni ya kuziba kava za injini huweza kumeguka na kunasa kwenye chujio la pampu ya oili, ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Ukinunua iliyotumika, ifunguliwe sampu, chujio lisafishwe. Ukiipeleka kwenye kiwanja cha mbio, funga geji ya presha ya oili, kwa sababu presha hushuka kwenye kona ndefu za kulia.

Kungoja tabo (turbo) ya kiwandani kwa uvumi tu, hapana.