Ukiuziwa kadi kuukuu ya mbio za magari, igeuze kwanza

Picha ya mbele ndiyo inayomfanya mtu atoe pesa haraka: dereva kavaa miwani ya vumbi, gari halina hata mlango. Mimi huiangalia mwisho. Naanza na mgongo, maana huko ndiko mwenye kuitoa kadi alikojitangaza.

Chukua zile za Marekani za 1911. Zilitiwa ndani ya pakiti za sigara za Hassan na Mecca, madereva 25, na jina mojawapo la sigara hizo liko nyuma. Wakusanyaji huziita T36, kwa mpangilio wa orodha ya kadi ya Jefferson Burdick, mkusanyaji yule aliyeliachia jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kadi na karatasi zaidi ya 300,000. Sigara zenyewe zilikuwa za American Tobacco. Tarehe 29 Mei 1911 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo ivunjwe kwa kuhodhi soko. Kesho yake Ray Harroun akashinda mbio za kwanza za maili 500 za Indianapolis.

Jina la nyuma nalo hunakiliwa, kwa hiyo tembea na kioo cha kukuzia. Herufi za zamani ni wino uliojaa, kingo zake zimekamilika. Za nakala mara nyingi zimevunjikavunjika kuwa vidoadoa. Kisha imulike kwa ile taa ya dukani ya kukagulia noti bandia. Karatasi ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia haikuwa na kemikali za kung'arisha, hivyo hubaki butu. Ikiwaka weupe wa kibuluu, mrudishie mwenyewe. Ikibaki butu usishangilie bado, kwani zipo karatasi za leo zisizowaka.

Anayeanza aende Uingereza kwanza, kwenye kadi 50 za sigara za Churchman za 1939 za mabingwa wa kasi, Malcolm Campbell akiwemo. Bei zake hazitishi. Mwaka uliofuata uhaba wa karatasi wa vita ukazizima kadi za sigara huko.

Kadi za NASCAR, mashindano ya magari ya Marekani, zilishika kasi na kampuni ya Maxx, 1988, seti ya kadi 100 ambayo namba 99, ya dereva Dale Earnhardt, iliondolewa kabla ya kuingia kwenye pakiti. Baada ya hapo kampuni zikachapa bila kiasi. Boksi la 1991 au 1992, hata likiwa bado na nailoni yake, usilinunue kwa bei ya kitu adimu.