Kijana wa Wete, hofu usiiondoe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete, Pemba, aliniletea ujumbe. Ana miaka 19, anajifunza sarakasi na wenzake, na anataka kujua mambo mawili: nilipataje kazi ya hoteli, na niliiondoaje hofu ya kuruka. La kwanza ni jepesi. Fanyeni mazoezi kila siku, rekodini video safi, kisha mwende wenyewe hoteli kwa hoteli, kuanzia Nungwi mpaka Makunduchi. La pili limeninyima usingizi, maana mimi hofu niliiondoa kweli, na kuiondoa ndiko kulikoniponza.

Unachokitaka nakijua, sote tuliojifunzia mchangani tunakitaka: taa, jina, wageni wamesimama wanapiga makofi. Nilivipata. Nilianzia Forodhani, tukijirusha baharini kutoka ukutani jua likizama. Nilipofika miaka 22 nilikuwa mtu wa juu kwenye mnara wa watu watano, nala moto, napita kwenye pete inayowaka. Pwani yote ya mashariki hapakuwa na aliyezunguka mara mbili hewani akatua kama mimi, na hilo nitalisema mpaka nife. Niliendesha pikipiki nimesimama juu ya kiti kutoka Paje hadi Jambiani. Niliruka kutoka paa la mgahawa maji yakiwa yameshaanza kupwa, kwa sababu mgeni mmoja aliahidi dola 20.

Kisha nikaanguka mazoezini, bega likateguka. Hoteli niliyoitumikia miaka sita ilinilipa usiku mmoja, na kesho yake mlinzi akaambiwa asinifungulie lango. Hili linaniuma hadi leo. Mwenzangu akanipa kokteli, msokoto wa bangi iliyochanganywa na unga, yaani heroini, akasema maumivu yatakwisha. Yakaisha, na hapo ndipo penye ubaya wake. Kokteli ikanipeleka kwenye kete, vile vipakiti vya unga, kete moja ikawa tano kwa siku, mwisho sindano. Ya mwaka uliofuata hayana hadithi: tafuta hela, tafuta kete, kimbia arosto, yale maumivu ya kuukosa unga.

Usiku mmoja niliiba mwani wa bibi mmoja wa Jambiani, magunia mawili makavu pamoja na kamba zake. Mwani hukaa baharini kama wiki sita kabla ya kuvunwa, halafu uanikwe. Nilichokiuza kwa dakika kumi, yeye alikiinamia majini kwa bamvua tatu, zile siku za maji kupwa sana. Vijana wa kijiji wakanijia na fimbo. Bibi akasimama mbele yao: "Mkimvunja mikono, mwani wangu atanifungia nani?" Akanigeukia. "Kesho maji yatakupwa saa nne. Uje."

Nilikwenda kwa kuwaogopa wale vijana, si kwa toba. Aliniketisha chini ya mnazi, akaniwekea rundo la mbegu za mwani, kamba, na taitai, vile vikamba vidogo vya kufungia. Arosto ilikuwa imenishika, pua inatiririka, mifupa inawaka. Vidole vilivyokuwa vikidaka mkono wa mwenzangu hewani vikashindwa kufunga fundo moja. Akanishika kifundo cha mkono, akauweka mwani kwenye kitanzi. "Ukikaza sana utaukata. Ukilegeza, bahari itauchukua." Nilifunga mafundo kumi na moja siku ile, yeye akafunga kamba nzima, na nyingine.

Hakuniuliza kwa nini, na mimi nilikuwa nimechoka kuulizwa kwa nini. Alinihadithia mwani tu: jinsi kilimo kilivyoanza mwaka 1989 Paje na Jambiani na wanaume wakawacheka, jinsi kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, inavyooza siku hizi maji yakipata joto. Watu walisema mengi, mama mtu mzima wa ibada kukaa na teja. Aliendelea kuniletea uji.

Bamvua la tatu nikamwambia mwenyewe: "Bi Mkubwa, nipeleke." Tukapanda daladala kwenda mjini, hela ameifunga kwenye pindo la kanga. Nikakaa soba hausi, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, miezi minne. Nilipotoka, siku ya tisa nikavuta tena. Nikarudi kwake nimeinamisha kichwa. "Kamba yako ipo palepale," akasema. Nikaingia soba hausi mara ya pili.

Kwa hiyo sikiliza, mdogo wangu. Hofu usiiondoe, iache ikushike mguu. Ukiumia nenda hospitali. Narudia: ukiumia nenda hospitali, usimwendee rafiki mwenye msokoto. Kabla hujaruka, andikianeni na hoteli nani atalipa tiba. Na kama umeshaingia, nenda hospitali ya Kidongo Chekundu, mjini Unguja. Tangu 2015 kuna kliniki ya methadoni, dawa unayoinywa kila siku mbele ya mhudumu, arosto inatulia, unaweza kufanya kazi. Au nenda soba hausi kama mimi. Usiende peke yako. Tafuta mtu anayehitaji mikono yako, hata kama ni mtu uliyemkosea. Nanyi wazazi, tunawazika watoto tukisema ni amri ya Mungu, na huku kete zinauzwa nyuma ya baraza tunazokaa kunywa kahawa! Mungu atatuuliza.

Nina miaka minne sasa bila unga, na nimerudi kwenye sarakasi. Sikukuu iliyopita tulicheza kwenye uwanja wa skuli. Bi Mkubwa alikuja, akatandika mkeka mbele kabisa. Tulipomaliza, akaniita kwa hasira.

"Yule wa juu mmempigia makofi. Na yule wa chini, aliyewabeba wote, mbona hakuna aliyemtazama?"

"Wa chini ni mimi, Bi Mkubwa."

Akanyamaza. Akalishika bega langu, lile lile bovu, akalibonyeza polepole kama anavyoubonyeza mwani juani kujua kama umekauka.