Maswali ya Wasomaji: Senti ya Mnyororo au Robo Dola ya 1796?

SWALI: Ndugu wahariri, nakusanya sarafu za mwanzo za Marekani, moja kwa kila umbo. Pesa niliyonayo inatosha sarafu moja tu kati ya mbili nilizoonyeshwa. Ya kwanza ni senti ya mnyororo ya 1793, yenye duara la mnyororo upande wa nyuma na neno AMERICA kwa ukamilifu, iliyopewa na kampuni ya kupima sarafu daraja la VG-8 (imechakaa lakini inasomeka, kwenye kipimo cha 1 hadi 70) na kufungwa ndani ya kasha la plastiki. Rangi yake ni kahawia ya kawaida, ila ina vishimo vidogo karibu na mnyororo. Ya pili ni robo dola ya 1796. Michoro yake ni wazi zaidi, kama daraja la F-12, ambalo ni juu ya VG-8, lakini kasha limeandikwa kwamba tundu lilizibwa. Bei ya senti inazidi ya robo kwa dola kama 3,000. Robo zilifuliwa 6,146 tu na senti 36,103, kwa hiyo moyo wangu uko kwenye robo. Mnanishauri nini?

JIBU: Chukua senti, kwa sharti kwamba ukingo wake ni mzima. Tutaufikia ukingo hapo chini.

Tuanze na hesabu iliyokuvuta. Hizo namba mbili ni sahihi, lakini zinaeleza sarafu ngapi zilitoka kiwandani Philadelphia. Hazisemi ngapi zimebaki, wala zimebaki katika hali gani. Robo za 1796 zilikuwa za kwanza za thamani hiyo, na wapo waliozitunza tangu mwanzo, ndiyo maana leo zipo nyingi kiasi zenye hali nzuri ukilinganisha na uchache wake. Baada ya hapo robo hazikufuliwa tena mpaka 1804. Senti ya mnyororo ilipita njia nyingine. Ilifuliwa kwa siku chache tu, kati ya tarehe 1 na 12 Machi 1793, ikaingia sokoni na kutumika mpaka ikalika. Shaba nayo si kama fedha: ikikaa kwenye unyevu inaliwa na kutu. Senti hizi zinapatikana. Zenye uso safi usio na kutu ndizo adimu, na kila ikitokea moja wanaoitaka ni wengi.

Sasa tundu. Sarafu iliyotobolewa kisha ikazibwa haina shida ya pale palipozibwa peke yake. Fundi akishamimina fedha kwenye tundu lazima achonge upya alama zilizopotea, na mkono wake hauishii hapo. Chukua lenzi ya kukuza mara 10 utazame kichwa cha tai upande wa nyuma. Kwenye robo ya 1796 kichwa hicho mara nyingi hakikujaa vizuri hata sarafu ilipokuwa mpya, kwa sababu kilikaa mkabala na sehemu iliyoinuka zaidi ya upande wa pili na metali haikutosha kujaza pande zote mbili. Kwa hiyo sarafu ya F-12 yenye kichwa cha tai kilicho wazi, chenye jicho na manyoya, ni ya kutiliwa shaka kuliko ile ambayo kichwa chake kimelala bapa. Angalia pia uwanja unaozunguka mahali palipozibwa. Mwanga ukipita kwa mshazari utaona duara lenye rangi tofauti kidogo, au uso uliolainishwa kama kioo huku sehemu nyingine zikiwa na mikwaruzo ya kawaida ya miaka mingi. Na nyota zihesabu: 15, nane kushoto na saba kulia. Nyota iliyochongwa upya huwa na ncha nyembamba kuliko wenzake.

Siku ukitaka kuiuza, robo iliyozibwa itapata wanunuzi wachache, na wengi wao watataka bei ya daraja la chini kabisa. Michoro iliyo wazi haitakusaidia.

Sarafu zote mbili ni za umbo lililodumu mwaka mmoja tu, kwa hiyo kwenye mkusanyiko wa aina yako hakuna ya mwaka mwingine inayoweza kushika nafasi yake. Hatimaye utazihitaji zote. Swali basi ni ipi itakuwa ngumu kuipata baadaye kwa hali unayoweza kuilipia. Robo zisizotobolewa za daraja la chini hutokea kwenye minada mikubwa ya Marekani, na unaweza kungoja. Kumbuka tu kwamba kwenye mnada bei inayotangazwa siyo utakayolipa. Kuna ada ya mnunuzi, mara nyingi asilimia 20 au zaidi juu yake.

Turudi kwenye senti yako, kwani nayo haijatakasika. Toleo hili halina mpaka wa vijino wala ushanga kuzunguka ukingo, tofauti na senti ya shada iliyolifuata mwaka huo huo. Bila mpaka huo, neno LIBERTY juu na tarehe chini, upande wa mbele, hulika haraka, wakati mnyororo wa viungo 15 upande wa nyuma unaendelea kuonekana mnono. Ndiyo maana mtu huona mnyororo mzuri akadhani sarafu nzima ni nzuri. Hukumu kwa tarehe na nywele za Liberty, yule mwanamke wa upande wa mbele, si kwa mnyororo. Kwa VG-8 tarehe lazima isomeke yote bila kubahatisha.

Vishimo ulivyovitaja tungeviangalia kwa makini zaidi ya daraja lililoandikwa. Wakusanyaji wa shaba wa chama cha Early American Coppers hupima kwa ukali kuliko kampuni za kupima daraja: huangalia kwanza alama zilivyobaki, kisha hupunguza kwa kila kasoro ya uso. VG-8 ya kwenye kasha inaweza kuwa G-6, daraja la chini yake, mbele yao. Lipa bei ya hukumu yao, kwa kuwa hao ndio watakaokuwa wanunuzi wako kesho. Vishimo vichache vilivyokusanyika mahali pamoja, vyenye rangi sawa na uso uliobaki, vinavumilika. Vishimo vilivyotapakaa uso wa Liberty, au uso mzima wenye chembechembe kama sandipepa, ungeviacha.

Muulize muuzaji sarafu ni ya kalibu ipi, yaani ilipigwa kwa chapa zipi. Zenye AMERICA kamili zina aina tatu zinazojulikana kwa namba za Sheldon, mtaalamu aliyeorodhesha senti hizi; namba zake huanza na S. S-3, ambayo herufi R ya LIBERTY imeinama upande wa kulia, ndiyo inayopatikana zaidi. S-4 ina nukta baada ya LIBERTY na baada ya tarehe. S-2 haina nukta hizo wala R iliyoinama. Kuna pia S-1 yenye AMERI. iliyokatizwa, na hiyo huuzwa bei ya juu zaidi. Usikubali kulipa bei ya aina adimu kwa S-3.

Ukingo, yaani ubavu wa unene wa sarafu, ni jambo la mwisho, na ndilo la uzito. Senti halisi ya mnyororo ina mzabibu na pau: matawi yenye majani yakipokezana na mistari ya wima, yaliyowekwa na mashine kabla ya sarafu kupigwa chapa. Nakala za kale zilizotengenezwa kwa umeme, ambazo ni maganda mawili ya shaba yaliyounganishwa juu ya kiini kingine, huonyesha mshono mwembamba unaozunguka ukingo wote, au ukingo mtupu uliokwanguliwa kuuficha huo mshono. Za siku hizi hupigwa kwa kalibu zilizonakiliwa kutoka sarafu halisi, na zinabeba mikwaruzo ya mama yao: tafuta picha za minada, na ukiona mkwaruzo ule ule mahali pale pale kwenye sarafu mbili tofauti, moja kati yao au zote ni bandia. Baadhi ya makasha hushika sarafu kwa meno madogo ukingo ukabaki wazi. Kama la kwako si la namna hiyo, mwombe muuzaji picha za ukingo zilizopigwa kabla ya kufungwa.

SWALI: Nina mizani ya jikoni. Naweza kupima kama sarafu isiyo na kasha ni ya metali inayodaiwa?

JIBU: Ya jikoni haifai. Unahitaji mizani ya kusoma mpaka gramu 0.01, na utaona sababu yake.

Uzito wa kisheria wa senti ya mnyororo ni gramu 13.48. Wa robo ya 1796 ni gramu 6.74. Sarafu iliyochakaa itapungua kidogo, lakini ikizidi uzito huo kwa kiasi kinachoonekana, usilipe kwanza. Kisha pima wiani. Weka kikombe cha maji yaliyochemshwa na kutoneshwa juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, halafu ning'iniza sarafu kwa uzi mwembamba mpaka izame yote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Namba utakayoisoma ni uzito wa maji yaliyosukumwa. Gawanya uzito wa sarafu kavu kwa namba hiyo.

Senti ya gramu 13.10 ikisukuma 1.47 inatoa 8.9, ambayo ni shaba. Ile ile ikiwa ya shaba nyeupe yenye zinki ingesukuma kama 1.54, yaani tofauti nzima unayoitafuta ni gramu 0.07. Robo ya fedha halisi ya wakati huo, iliyokuwa na fedha sehemu 892.4 kwa 1,000, inatakiwa itoe karibu 10.3. Ya gramu 6.50 itasukuma 0.63.

Kosa la kawaida ni mapovu. Povu moja lililong'ang'ania nyuma ya herufi linaongeza maji yanayosukumwa, na sarafu halali inaonekana bandia. Itikise polepole ndani ya maji kabla ya kusoma. Senti yenye vishimo huficha hewa ndani yake, kwa hiyo namba ya chini kidogo isikutie hofu. Ukimaliza, ikaushe mara moja kwa kuigandamiza ndani ya kitambaa laini. Usiisugue. Na kwa robo iliyozibwa tundu kipimo hiki hakisaidii sana, kwa kuwa kizibo chenyewe huwa ni cha fedha.

SWALI: Muuzaji anasema mistari iliyo kwenye robo yake ni ya tupa ya kiwandani, si uharibifu. Je, ni kweli?

JIBU: Inawezekana. Vipande vya fedha vilivyozidi uzito vilipigwa tupa kabla ya kupigwa chapa. Mistari ya kweli ya tupa huenda sambamba, mara nyingi mpaka ukingoni, na huonekana zaidi pale ambapo chapa haikugandamiza vya kutosha. Penye herufi zilizojaa vizuri hupotea, kwa sababu chapa ilipita juu yake. Mkwaruzo wa baadaye hufanya kinyume: hukata herufi katikati na huacha kijikingo cha metali iliyosukumwa pembeni. Pitisha mwanga kwa mshazari ukizungusha sarafu taratibu, utakiona.

Mtu akikupa maelezo hayo hayo kwa senti ya mnyororo, mkatalie. Shaba haikuwa na thamani ya kuhangaikiwa hivyo, na senti hazikupigwa tupa kurekebishwa uzito. Mistari ya tupa kwenye senti ni ya mtu wa baadaye.

SWALI: Senti yangu nyingine ya zamani ina madoa ya kijani. Niisafishe?

JIBU: Yaguse kwanza kwa ncha ya kijiti cha mbao. Kijani kigumu kinachoteleza, kilichoshikamana na uso, ni rangi ya ukale. Kiache. Kijani kilichoinuka na cha unga ni kutu inayoendelea kula. Hicho kiloweke kwenye zaileni, kiyeyusho cha kemikali, kwa siku moja au zaidi, madirisha yakiwa wazi na moto ukiwa mbali, halafu ukichokoe kwa mwiba wa waridi au kijiti cha mbao kilichochongwa, ukitazama kwa lenzi. Sindano ya chuma hapana. Chini yake utakuta kishimo, na hicho hakitajazwa na chochote.

Siki, ndimu na dawa za kung'arisha vyombo zitaiacha shaba na rangi ya waridi ambayo kila mnunuzi ataitambua akiwa bado mlangoni. Ikiwa kijani kinanata na sarafu ilikuwa kwenye mfuko wa plastiki laini, tatizo ni plastiki yenyewe. Tupa mfuko huo, na kagua sarafu zote zilizokaa ndani ya mifuko ya aina hiyo.