Maswali ya Wasomaji: Tamthiliya ipi kwa kidato cha tatu?

SWALI: Shikamooni wahariri. Nafundisha Kiswahili kidato cha tatu, darasa la wanafunzi 54. Nataka wasome tamthiliya moja yenye jina. Nimebakiwa na tatu: Kinjeketile, Mabepari wa Venisi na Mfalme Edipode. Wenzangu ofisini wanasema bila Shakespeare hakuna tamthiliya. Nishike ipi?
Mwalimu, Mbalizi

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Kwanza fungua orodha ya vitabu teule ya muhtasari unaoutumia mwaka huu. Tamthiliya isiyomo humo isile vipindi vya mtihani. Ipeleke klabu ya Kiswahili, jioni.

Baada ya hapo, sisi tungeshika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969). Kitabu ni chembamba, hakifiki kurasa 60, na watu wake wanazungumza kama watu: wanakatizana, wanabishana, wananung'unikia njaa. Mabepari wa Venisi ya Shakespeare, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka huohuo, ni ushairi mzito. Msomaji anayejikwaa atamaliza kipindi cha dakika 40 kwenye hotuba mbili, na bado una deni la kueleza chuki dhidi ya Wayahudi inayomzunguka Shylock, Myahudi mkopesha fedha. Usipoieleza, darasa litamcheka bila kujua linacheka nini. Mfalme Edipode ya Sophocles, iliyotafsiriwa na Samuel Mushi, inakaribia: mambo yote hutokea mbele ya jumba la mfalme, na korasi, lile kundi linalosema kwa pamoja, inameza hata wanafunzi 15 wanaoogopa kusema peke yao. Ila habari ya mtu kumwoa mama yake mzazi inataka mwalimu asiyebabaika.

Usituamini tu, pima. Chukua kurasa 3 za katikati, maana za mwanzo huwa nyepesi, uwape wanafunzi wa kawaida wazisome kwa sauti bila kujiandaa. Wakikwama maneno zaidi ya 6 kwa ukurasa, kitabu kimewazidi.

Kinjeketile nayo ina mtego wake, na huku kwetu ni mkubwa. Inahusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, navyo vilifika Ungoni na Ubena. Misheni ya Yakobi, Njombe, ilishambuliwa. Wanafunzi watakuja na habari za mababu, na atakuwepo wa kuuliza Wahehe walikuwa upande gani. Wape kipindi kimoja, kisha funga mlango wa historia. Usipoufunga, kwenye mtihani watasimulia vita, na swali linauliza mgogoro wa mhusika. Kinjeketile wa jukwaani amebuniwa na mwandishi: ni mtu aliyezaa neno, neno likakua hadi likamshinda. Vipindi vyako vingi viweke kwenye mashaka yake kuhusu maji yale aliyowapa watu kama kinga ya risasi, na kwenye mwisho, anapokataa kuyakana mbele ya Wajerumani ingawa watu wamekufa. Hapo darasa ligawanyike, libishane.

Anapopandwa na mzimu Hongo, wasomaji hupiga kelele, na onyesho linageuka kichekesho. Mwambie msomaji ashushe sauti. Wahusika wengi ni wanaume, kwa hiyo wape wasichana hata sehemu ya Kitunda, ingawa ni mwanamume; inabebeka vizuri.

Nakala 18 zinatosha, wanafunzi 3 kwa moja, mradi ziwe toleo moja. Matoleo yakichanganyika, nusu kipindi kitaishia kutafuta ukurasa. Na usomaji wa kwa sauti uweke Julai. Masika ya Mbeya yakipiga bati, hata aliye dawati la mbele hasikii.

SWALI: Wanafunzi wangu wanakariri mwongozo, kitabu chenyewe hawakigusi. Nifanyeje?
Mwalimu, Mafinga

JIBU: Uliza yasiyomo kwenye mwongozo. Nani yuko jukwaani lakini hasemi? Maelekezo ya jukwaa yanamtaka ashike nini? Nani alitoka kabla siri haijatajwa? Maswali 5, dakika 10, vitabu vimefungwa, kila Ijumaa. Alama ziingie kwenye kazi za darasani, la sivyo watakusikiliza wiki mbili tu.