Mama wa kambo naomba nijibu

Swali lenu la wiki hii mmeuliza hivi, hadithi za kale bado zinamfunza mtoto maadili au zimepitwa na wakati tuwaachie katuni? Mimi nipo Tabora mjini, huku Ipuli, nina watoto wawili, mkubwa wa kike yuko darasa la tatu, mdogo wa kiume ana miaka minne. Huyo mkubwa sikumzaa, nilimkuta na baba yake, mama yake alishatangulia mbele za haki. Nasema mapema mjue jibu langu linatokea wapi, maana kwenye hizo hadithi mnazozisifia mimi ndo yule mbaya.

Sitanii. Hebu jaribuni kukumbuka, mama wa kambo mwema mlimsikia kwenye hadithi gani? Yeye kazi yake kumnyima mtoto chakula, kumtuma kisimani usiku, na baba siku zote kasafiri, sijui huwa anaenda wapi yule baba.

Sasa msimu uliopita wa karanga mama mkwe alikuja kutoka Sikonge na gunia zima, na umeme ukakatika, tivii kimya, bando limeisha, tukakaa barazani tunamenya. Mama akaanza mwenyewe, hadithi hadithi! Watoto wakaitika hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Akaanza na Sungura aliyeiba asali ya Simba mtini, wakacheka mpaka karanga zikamwagika, na watoto wa Tabora asali mtini hawahitaji kuelezwa, mizinga wanaiona huko porini kila tukienda kijijini. Halafu akaleta ile ya binti aliyefukiwa na mama wa kambo, pale kaburini ukaota mti, ukikatwa unaimba unamtaja muuaji. Mnaijua, iko na sauti tofauti kila kabila. Mama anaimba vizuri jamani, hata mimi nilisisimka. Ila nikaona mikono ya binti imesimama, punje iko kiganjani hamenyi wala hali.

Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nasikia fagio uani. Natoka nakuta vyombo vya jana vimeoshwa, ndoo zimejaa, uwanja umefagiliwa mpaka kwa jirani, mtoto wa miaka tisa na hakuna aliyemtuma. Baba yake akafurahi kweli, akaniambia unaona sasa, hadithi za mama zinafanya kazi kuliko fimbo. Mimi nikamwita binti nimpe chai, akanijibu anaangalia chini, "Nimemaliza zote mama mdogo, sijabakisha kitu."

Chai ilinishinda siku ile. Yani miaka minne nalala na huyu mtoto homa zake zote, hadithi ya nusu saa imenigeuza mchawi. Na hapa ndo nataka wasomaji wenzangu tusidanganyane, mtu akimwona mtoto anafagia atasema maadili yameingia, kumbe kilichoingia ni woga, na kwa nje vinafanana kabisa.

Usiku nikaweka bando nikaanza kutafuta, hivi huyu mama wa kambo nani kamleta? Nikakutana na habari za wale ndugu wawili wa Ujerumani, Jacob na Wilhelm Grimm, waliokusanya hadithi za kwao. Ile ya Snow White ambayo binti yangu anaijua kwa katuni, walipoitoa mara ya kwanza mwaka 1812 yule mwenye wivu aliyetaka mtoto auawe alikuwa mama yake mzazi! Toleo la 1819 wakambadilisha, akawa mama wa kambo. Na ile ya watoto wawili waliotelekezwa porini, mama yao mzazi naye akaja kugeuzwa wa kambo kwenye toleo la 1840. Inaonekana waliona aibu kumchafua mzazi, wakatafuta wa kubebeshwa, tukapatikana sisi.

Asubuhi nikamsimulia mama mkwe jikoni, nikijua atanuna. Akacheka. "Mwanangu, hiyo ya mti bibi yangu alipokuwa anatusimulia hakukuwa na mama wa kambo, ni mke mwenza. Wakati ule mzee ana wake watatu, mtoto anaelewa haraka. Sasa hawa wa mjini nikiwaambia mke mwenza si mpaka nianze kueleza, nikaona niweke mama wa kambo tu." Nikamwambia mama, na huyu mjukuu wako? Akanyamaza, akageuza maandazi. Akasema, "Hilo sikuliwaza."

Kwahiyo jibu langu ni kwamba zinafunza, tena sana, ndo maana zinatisha. Ila hadithi ya mdomo sio msahafu, hata wasikilizaji wenyewe wanaitika uongo njoo, na kila msimulizi anapunguza na kuongeza akiangalia nani kakaa mbele yake. Tatizo tunasimulia kama tunasoma tangazo. Shuleni ndo kabisa, Sungura na Kobe wakimaliza mbio tu mwalimu anauliza hadithi hii inatufundisha nini, darasa zima linaimba inatufundisha tusiwe na dharau, wameshajibu, kengele imelia, wanatoka wanasukumana mlangoni. Kwetu siku hizi bibi akifika pale Sungura anamdanganya Simba anasimama, anauliza ingekuwa wewe ungerudisha asali? Wanabishana hao! Mdogo anasema angeila yote kwanza, ndo aombe msamaha. Sijamsahihisha, ana miaka minne.

Ile ya mti mama hajaisimulia tena. Ila juzi nimepita dirishani nikasikia binti anamsimulia mdogo wake, na wimbo anaujua wote, sauti kama ya bibi yake. Nikabana pumzi nisikie nani kazika. Mama mdogo hakuwepo kabisa kwenye hadithi, kamtoa. Aliyemfukia mtoto ni shangazi.

Na wifi yangu anakuja likizo kutoka Kigoma wiki ijayo, sijui nimwambie au nikae kimya.